Uzoefu wangu: kutazama michoro ya Hogarth na Gillray kwa karibu, British Museum

Nianze na swali ninaloulizwa kwanza kila ninapotaja kwamba nimetazama kwa karibu michoro ya Hogarth na Gillray, wachoraji Waingereza wa picha za dhihaka wa karne ya 18: ni kiasi gani? Ni bure. Kuingia makumbusho ni bure, na kuingia chumba cha kusomea cha idara ya michoro na chapa (picha zinazochapwa kutoka kwenye bamba) nako ni bure. Si lazima uwe profesa wala mwanafunzi wa sanaa. Unaiandikia idara mapema kuomba miadi, unataja namba za picha unazotaka kuona, siku ikifika unakwenda na kitambulisho. Ninaishi Uingereza, na inaniuma kuona ndugu zetu wanaopita London wakizunguka kwenye mumia za Misri kisha wakaondoka bila kujua kwamba juu humo humo kuna chumba ambamo Gin Lane ya William Hogarth, picha ya mtaa ulioharibiwa na ulevi, inaletwa mezani, ukaitazama hata saa nzima bila kioo katikati.

Namba za picha utazipata kwenye tovuti ya makumbusho. Andika jina la msanii, picha zake zitatokea na namba zake pembeni. Picha nyingi za dhihaka zina namba inayoanzia 1868,0808, kwa sababu zilinunuliwa mwaka 1868 kutoka mkusanyo wa Edward Hawkins, aliyewahi kuwa mtunzaji wa mambo ya kale hapo hapo. Ukitaka kuelewa nani anachekwa na kwa kosa gani, tafuta maelezo ya mwanahistoria Dorothy George. Orodha ya makumbusho ya picha za dhihaka ilianzishwa na Frederic George Stephens, juzuu ya kwanza ikatoka 1870. Mama Dorothy ndiye aliyeikamilisha, na juzuu ya 11 ikatoka 1954. Picha zilizoelezwa humo zinazidi 17,000. Bila kazi yake nusu ya vichekesho vya Gillray vingetupita, maana mawaziri anaowacheka walishasahaulika zamani.

Ukiingia, begi unaliacha, na kalamu ya wino hairuhusiwi, penseli tu. Picha zimepachikwa kwenye kadi nene na hukaa ndani ya maboksi. Unashika kingo za kadi, picha yenyewe huigusi.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Kuna aina ya chapa inaitwa mezotinti. Ilibuniwa Ujerumani katika miaka ya 1640, lakini Waingereza waliifanya yao kiasi kwamba Wafaransa waliiita mtindo wa Kiingereza. Fundi alichukua bamba la shaba akalikwaruza lote kwa chombo chenye meno, huku na huko, mpaka likawa na vinyweleo vya kushika wino kila mahali. Ukilipaka wino wakati huo na kulichapa, karatasi inatoka nyeusi tii. Kutoka kwenye weusi huo ndipo fundi alianza kuparua na kulainisha shaba ili kutoa mwanga: kidogo kwa kivuli cha shavu, sana kwa kitambaa cheupe. Yaani picha inachorwa kutoka gizani kuja nuruni.

Kwenye simu huoni lolote katika haya. Niliomba mezotinti ya mchongaji Valentine Green ya 1781, ya dada watatu wa ukoo wa Waldegrave, aliyoitoa kwenye mchoro wa rangi wa Joshua Reynolds. Wamekaa mezani na kazi zao za mikono: mmoja ameshika uzi wa hariri, wa pili anauzungusha kwenye kadi, wa tatu ameinamia darizi. Magauni meupe. Ukisogeza uso unaona kwamba weupe ule ni karatasi tupu iliyoachwa ipumue, na weusi wa nyuma yao umekaa juu ya karatasi kama masizi kwenye sufuria la kuni, mzito na bila mng'ao. Hakuna mstari hata mmoja. Mpaka wa mkono na gauni ni mwanga unaopungua taratibu. Vinyweleo vile vya shaba vilikuwa vinasagika haraka kila bamba lilipopita kwenye mashine, kwa hiyo nakala nzuri ni zile za mwanzo tu. Kama una nafasi ya kuomba picha moja, omba mezotinti.

Gin Lane yenyewe ni ya mistari, na inataka macho ya taratibu. Watu wengi wanamkumbuka mama aliyelewa, anachukua ugoro huku mtoto anamponyoka kwenye ngazi. Mimi nilikaa zaidi upande wa duka la rehani, ambako fundi seremala anaweka msumeno wake na mwanamke anatoa vyombo vya kupikia. Hogarth hakuhitaji kueleza zaidi: fundi akiweka msumeno rehani, kesho nyumbani hakuna kitu. Picha iliuzwa shilingi moja mwaka 1751, mwaka ule ule Bunge lilipotunga sheria ya kubana biashara ya jini, yaani pombe kali ya gin. Mnara unaoonekana nyuma ni wa kanisa la St George's, Bloomsbury, na kanisa lenyewe lipo mpaka leo, dakika chache kwa miguu kutoka makumbusho. Nenda ukalione.

Naomba nitahadharishe kuhusu picha moja ya James Gillray, "Barbarities in the West Indias" (Ukatili katika visiwa vya Karibiani), ya Aprili 1791. Msimamizi wa shamba anamkoroga mtu mweusi ndani ya pipa la maji ya miwa yanayochemka, na ukutani umepigiliwa mkono na masikio ya binadamu. Ilitoka mwezi ambao Bunge lilijadili kukomesha biashara ya watumwa, na hoja hiyo ilishindwa. Usiiombe ukiwa na mtoto. Lakini mimi nadhani inafaa kuonwa, kwa sababu inaonyesha kwamba waliopita mbele ya dirisha la duka la picha, ambako picha kama hizi zilitundikwa, walikuwa wanajua watumwa wanatendewa nini.

Na baada ya hiyo, tafuta picha ya Olaudah Equiano, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa akaandika maisha yake, iliyochongwa na Daniel Orme kwa ajili ya kitabu cha Equiano cha 1789. National Portrait Gallery, makumbusho ya picha za watu hapo London, wanayo. Amevaa koti, anakutazama moja kwa moja, mkononi Biblia iko wazi kwenye Matendo ya Mitume 4:12. Katika miaka ile ile ambayo Mwafrika alichorwa kwa kudhihakiwa na kuteswa, huyu alichagua mwenyewe atazamwe vipi.

Kwa wanaotaka kununua, kitu nilichojifunza chumbani humo kimeniokolea fedha. Sheria ya 1735, ambayo Hogarth aliipigania, ilimpa mchongaji haki ya kazi yake kwa miaka 14, ndiyo maana chini ya picha hizi kuna tarehe na maneno ya Sheria ya Bunge. Tarehe hiyo imechongwa kwenye shaba. Mabamba ya Hogarth yaliendelea kuchapwa hadi karne ya 19, na kila nakala ya Gin Lane inasema 1751. Muuzaji mmoja wa mtandaoni alinitangazia Gin Lane "ya asili" kwa hoja ya tarehe hiyo tu. Nilimwomba anipigie picha karatasi ikiwa mbele ya taa. Karatasi ya 1751 ingeonyesha mistari ya chekeche lililoitengeneza. Ile ilikuwa laini tupu, karatasi ya baadaye. Sikununua. Kwa Gillray angalia na nyuma pia: zile zilizotolewa upya na mchapishaji Bohn katikati ya karne ya 19 ziko kwenye karatasi nene na mara nyingi zimechapwa pande zote mbili, wakati za dukani kwa Hannah Humphrey, aliyeziuza picha za Gillray enzi zake, zilichapwa upande mmoja.