Kebo ya chaja ya laptopu inayopata moto: ununue nini badala yake

Kabla ya kutoa pesa, tambua kwanza ni sehemu gani inayopata moto. Wapo wanaonunua chaja nzima ilhali kilichoharibika ni waya wa kwenda ukutani tu, na wapo wanaobadilisha waya huo huku kasoro iko upande wa pili wa adapta, kile kiboksi cha katikati ya waya. Adapta yenyewe kuwa na joto si ajabu: ile ya wati 65 yenye ufanisi wa asilimia 90 hupoteza takriban wati 7, na joto hilo halina pa kutokea isipokuwa kwenye ganda lake. Kebo ni jambo jingine. Chaji laptopu ukiwa unaitumia kwa nusu saa, kisha pitisha mgongo wa kiganja juu ya kebo kutoka mwanzo hadi mwisho. Inapaswa kuwa vuguvugu tu, na palipo na moto kuliko pengine ndipo penye ugonjwa. Kebo iliyochubuka hadi shaba kuonekana haihitaji kupimwa: zima soketi, ichomoe, na usiitumie tena.

Kebo yangu iliharibikia shingoni, pale inapoingia kwenye pini ya laptopu. Plastiki ililainika hadi ikawa inabonyea kwa kidole, na nilipoichana nilikuta nyuzi za shaba zilizokatika ni nyingi kuliko zilizosalia nzima. Hizo chache zilikuwa zikibeba mzigo wote, na kwa kuwa joto katika waya huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo, uzi unaobebeshwa mkondo maradufu hutoa joto mara nne.

Ikiwa moto uko kwenye waya wa ukutani, nunua waya huo peke yake, mradi unachomoka kwenye adapta. Kwa chaja ya wati 65 waya huo kwa kawaida haubebi hata ampea moja, kwa hiyo ukipata moto, mara nyingi tatizo ni pini zilizolegea au nyuzi zilizokatika ndani. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye ngozi ya waya: 3G0.75 humaanisha nyaya tatu, kila moja yenye milimita za mraba 0.75, na hiyo inatosha. Usidhani kasoro hii hupatikana kwenye bidhaa za bei poa tu. Mwaka 2014 kampuni ya HP iliagiza zirudishwe takriban nyaya milioni 6 zenye alama LS-15 kwa sababu zilikuwa zikipata joto kupita kiasi, na mwaka 2016 Microsoft nayo ikabadilisha nyaya za kompyuta zake za Surface Pro ambazo zingeweza kupata moto baada ya kuviringishwa kwa kubana au kukunjwa mara kwa mara. Si kila waya wenye alama LS-15 ulihusika, lakini ukiuziwa uliotumika wenye alama hiyo, mimi ningeuacha.

Ikiwa tatizo liko upande wa laptopu, chaguo la kwanza ni chaja ya mtengenezaji wa kompyuta yako, ikitafutwa kwa namba ya sehemu (P/N) iliyo kwenye lebo ya adapta ya zamani. Ni ghali, lakini ndiyo pekee isiyokulazimu kukisia.

La pili, ambalo kwangu linaikaribia sana ya kwanza, ni chaja ya USB-C kwa laptopu inayokubali kuchajiwa hivyo. Ubora wake ni kwamba kebo ikichoka unabadilisha kebo tu. Hapa angalia ampea: kebo ya kawaida ya USB-C hubeba ampea 3, yaani wati 60 kwenye volti 20, na zaidi ya hapo unahitaji kebo ya ampea 5 yenye chipu ndani inayoiarifu chaja uwezo wake. Kebo isiyotaja wati wala ampea irudishe rafuni.

La tatu ni chaja ya kampuni nyingine inayojulikana, iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli yako. Volti lazima zilingane na za zamani, mpangilio wa chanya na hasi uwe uleule, na ampea ziwe sawa au zaidi. Chaja ya volti 19 na ampea 2.1 ikifungwa kwenye laptopu inayotaka ampea 3.42 itafanya kazi ikiwa imeelemewa. Pini kuingia si ushahidi wa kulingana.

Chaja halisi iliyotumika naiweka ya nne, kwa sharti kwamba uikunje taratibu shingoni kabla haijaunganishwa na umeme, na uiache ukihisi ulaini au ufa.

Ya tano ni chaja ya jumla yenye vichwa vingi vya kubadilisha. Kila kichwa ni kiungo cha ziada, na kiungo kikilegea hupata moto. Ile yenye swichi ya kuchagua volti kwa mkono inahitaji swichi iguswe kimakosa mara moja tu ili kuunguza kompyuta.

Kebo iliyokatwa, ikaunganishwa kwa kusokota na kufungwa selotepu, siiweki kwenye orodha.

Chochote utakachochagua, rudia jaribio la mgongo wa kiganja siku ileile ya kununua, muda wa kurudisha bidhaa ukiwa haujapita.