NCAI, Barabara ya Limuru: nenda ukiwa na muda

Taasisi ya Sanaa ya Kisasa ya Nairobi, NCAI, iliyoanzishwa 2020 na mchoraji Michael Armitage, imo ndani ya jengo la maduka la Rosslyn Riviera. Panda matatu ya Ruaka. Ulizia kwanza: kati ya onyesho moja na jingine kuta huwa tupu, na safari yako itakuwa ya bure.

Tenga saa moja na nusu. Simama hatua 5 nyuma uone mpangilio wa picha nzima, kisha sogea kando kidogo ili mng'ao wa taa usifiche mapigo ya brashi. Picha za mchoraji Mkenya Sane Wadu, zilizoonyeshwa hapo 2022, hudai utazamaji huo hasa! Begi la mgongoni libebe kifuani. Likigonga turubai, rangi iliyokauka hupasuka.