Suruali ya kitani: raha tupu, pasi tu ndiyo kazi
Mwezi wa nne huu naivaa hii suruali ya kitani, pana miguuni, rangi ya udongo, na sijaichoka. Kilichoniteka ni kiuno: mbele kimetulia kama cha suruali ya ofisini, mpira umefichwa nyuma tu. Nakaa kutwa nzima kitini, nikivua jioni sina alama nyekundu tumboni. Chomekea shati, weka mkanda, hakuna atakayejua.

Kitani hunyonya jasho na kukauka upesi, hilo halina ubishi. Ila kujikunja! Naipiga pasi ingali na unyevunyevu, nikifika kazini mapajani pameshakuwa kama karatasi iliyotolewa mfukoni. Mwanzoni ilinikera. Siku hizi navalia fulana nyeupe iliyonyooka na viatu vya ngozi vya chini, basi mikunjo inaonekana ya makusudi. (Dada yangu hakubali. Yeye na pasi ni ndugu.)

Mfuko wa kushoto ulifumuka wiki ya tatu, nikaushona mwenyewe. Pindo nalo lilikuwa linaburura, fundi akapunguza vidole viwili. Ukiwa katikati ya saizi mbili chukua ndogo, maana kitambaa hulegea kikivaliwa. Nimeshaagiza ya pili, nyeusi.