Shaba njano au gundi: mpira ushikane vipi na chuma?

Kata tairi la radial, yaani lenye nyuzi zinazokatiza kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, uone nyuzi za chuma ndani ya mpira. Hazikupakwa gundi. Zimevikwa shaba njano, mchanganyiko wa shaba na zinki, kwa tabaka jembamba lisilofika hata mikromita moja (sehemu ya elfu ya milimita). Mpira unapopikwa kwenye nyuzijoto 150 hivi, salfa iliyomo humo inaungana na shaba na kuzaa salfaidi ya shaba, na mpira huota mizizi ndani ya salfaidi hiyo. Kwangu mimi hii ni kemia ya kupendeza kuliko zote kiwandani: salfa inayoivisha mpira ndiyo inayoufunga na chuma. Lakini ina masharti. Mpira lazima uwe na salfa nyingi, mara nyingi na chumvi za metali ya kobalti, na unyevu ni adui yake mkubwa. Shaba ikizidi kwenye tabaka, salfaidi inanenepa mno na kuwa dhaifu.

Gundi haichagui sana. Inakubali chuma, alumini na aina nyingi za mpira, ndiyo maana vipande vya mpira vinavyobeba injini ya gari huundwa kwa njia hiyo. Kazi yake kubwa ni maandalizi: kuondoa mafuta, kukwaruza kwa mchanga unaorushwa kwa hewa, kupaka praima (rangi ya kwanza ya kushikia gundi), kisha gundi yenyewe. Alama ya kidole tu inaweza kuharibu kila kitu.

Kwa nyuzi za tairi ningechagua shaba njano bila kusita. Kwa kipande kinene cha chuma, gundi.