ORS ya ladha ya chungwa: dawa nzuri, maandishi madogo mno

Hii ORS, unga wa chumvi na glukosi unaokorogwa kwa maji ili kumnywesha anayeharisha, mimi huinunua katika kemisti moja karibu na steji hapa Umoja, shilingi 30 pakiti. Wazazi wengi huipita wakaulizia dawa ya kufunga tumbo, na hilo huniuma. Ninafundisha bayolojia, na kama nyumba yenye mtoto mdogo ingeruhusiwa kuweka dawa moja tu kabatini, ningechagua hii.

Ladha kwanza. Mpwa wangu wa miaka mitatu alipoanza kuendesha msimu wa mvua, ile isiyo na ladha aliitema. Hii ya chungwa aliinywa kijiko kwa kijiko hadi kikombe kikaisha. Akitapika, tulisubiri dakika kumi, tukaendelea polepole.

Ndani ya pakiti ya lita moja, kwa kipimo cha WHO cha tangu 2002, mna chumvi ya kawaida gramu 2.6, glukosi gramu 13.5, kloridi ya potasiamu gramu 1.5 na sitreti ya sodiamu gramu 2.9. Glukosi haikutiwa humo kwa ajili ya utamu. Seli za utumbo mdogo zina protini inayopokea sodiamu na glukosi kwa pamoja. Kimoja kikikosekana, mwenzake hapiti hapo. Upande wa pili wa seli kuna pampu inayotoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, ile aliyoigundua Jens Skou wa Denmark mwaka 1957 na kumpatia Nobel mwaka 1997. Sodiamu ikishavuka, maji huifuata hadi kwenye damu. Hata sumu ya kipindupindu, inayozilazimisha seli kumwaga maji bila kikomo, haizibi njia hiyo. Mwaka 1971, dripu zilipowaishia wakimbizi wa Bangladesh kule Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha maji ya glukosi na chumvi, na vifo vikapungua sana. Kila nikilifikiria hilo nashangaa upya.

Sasa lawama yangu. Kemisti hiyohiyo huuza pakiti za nusu lita na za lita moja, na kipimo kimeandikwa nyuma kwa herufi za kutafuta na tochi. Kosa hilo si dogo. Pakiti ya lita moja ukiikoroga katika chupa ya nusu lita, mchanganyiko unakuwa mzito kuliko damu, na badala ya maji kuingia mwilini yanavutwa kurudi utumboni. Ndiyo maana pia soda haifai, hata ikitolewa gesi: sukari yake ni nyingi na chumvi karibu hamna. Nikimpelekea jirani pakiti, kwanza huandika kiasi cha maji kwa kalamu nyekundu. Watengenezaji wangefanya hivyo wenyewe, mbele, kwa herufi kubwa.

Maji yawe yamechemshwa na kupoa, na yakibaki baada ya saa 24 yamwagwe. Ukiwa dukani ulizia na zinki, maana huyu muuzaji haitaji mpaka aulizwe: miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, kwa mtoto aliyepita miezi sita. Lakini mtoto akilegea, macho yakizama, akashindwa kunywa au choo kikawa na damu, usikoroge pakiti nyingine ukingoja. Mpeleke hospitali.