Kisutu Baada ya Magharibi: Tathmini ya Meza za Katikati ya Dar es Salaam

Mgeni anayeuliza mahali pazuri pa kula Dar es Salaam huelekezwa, mara nyingi bila hata mtu kufikiri, kwenye rasi ya Msasani: Masaki na Oysterbay, ambako migahawa imejipanga ikitazama Bahari ya Hindi. Sina ugomvi na mandhari hiyo. Lakini kwa mtu anayetoka nyumbani ili ale, na si ili apigwe picha akiwa anakula, pendekezo langu ni kwamba ashuke katikati ya mji, kwenye mitaa michache inayozunguka Kisutu, ambako kila mwenye jiko amechagua mambo machache ya kupika na kuyaacha mengine yote. Tathmini hii inahusu mitaa hiyo, na hasa meza mbili: ile ya kuku wa kuchoma ya Mamboz Corner BBQ, iliyo kwenye kona ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Libya, na ile ya vyakula visivyo na nyama ya Chapan Bhog, katika Mtaa wa Kisutu.

Si kwa bahati kwamba vyakula hivi vinapatikana hapa na si kwingine. Wajerumani walihamishia makao makuu ya koloni lao Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na tangu wakati wao hadi wa Waingereza waliowafuata, mji ulipangwa kwa kutenganisha watu: Wazungu walikaa upande wa bahari penye upepo, Waafrika wakapelekwa Kariakoo, na kati yao pakawa Uhindini, penye maduka chini na makazi ghorofani. Viwanja vya Mnazi Mmoja viliachwa wazi ili viitenge Kariakoo na mji wa biashara. Sheria za ubaguzi zilikwisha zamani, lakini ramani ya majiko haikufutika. Mahekalu ya Wahindu yamepangana Mtaa wa Kisutu, misikiti na jamatini, yaani nyumba za ibada za Waismaili, viko hatua chache kutoka hapo, na familia zenye asili ya Gujarat, India, zilizoishi juu ya maduka yao zilihitaji vitafunwa vya asubuhi, chakula cha mchana kisicho na nyama, na kitu cha kuchoma jioni. Mahitaji hayo matatu ndiyo yanayoendelea kulisha mitaa hii, ingawa wateja wa leo ni watu wa kila namna, kuanzia makarani wa Posta hadi familia zinazotoka Mbagala na Tegeta kwa ajili ya kuku tu.

Mamboz ni jiko la jioni. Mchana ukipita pale utaona kona ya kawaida ya mji, yenye magari na wapita njia. Jua linapozama meza na viti vya plastiki hutandazwa nje, mkaa huwashwa, na moshi wenye harufu ya limau na viungo hutangulia kabla ya wewe mwenyewe kufika. Kuku ndiye mwenye nyumba. Yupo gajjar, aliye mkali na mwenye rangi ya pilipili, ambaye simshauri mtu asiyezoea aanze naye. Yupo wa rojo la limau. Na yupo wa sekela, ambaye kwa maoni yangu ndiye sababu ya kutosha ya kuvuka mji. Kuku huyu huungwa kwa ukwaju, na ustadi wake unaonekana katika kipimo: uchachu hutangulia, utamu hufuata kidogo, pilipili huja mwisho na kukaa. Wapo wachomaji wengi wa Dar es Salaam wanaojaribu kupata ladha hiyo kwa kumwaga sosi ya ukwaju juu ya kuku aliyekwisha kuiva, na matokeo yake ni ngozi iliyoloana juu ya nyama isiyo na chumvi. Hapa viungo vimeingia mpaka kwenye mfupa, na ngozi bado imeungua kwenye kingo kama inavyotakiwa.

Kuku huyo huliwa na naan, na si chipsi, hata kama vijana wa meza ya jirani watakubishia. Sababu ni ya kivitendo: rojo linalobaki kwenye sahani ni nusu ya chakula, na hakuna chombo cha kulichota kinachoishinda naan iliyotoka kwenye moto. Mishkaki ni mizuri bila kuwa ya ajabu. Nyama ni laini, lakini Dar es Salaam ina wachoma mishkaki wengi wazuri, na sioni haja ya kujaza tumbo kwa kitu utakachokipata karibu na nyumbani. Urojo pia hupatikana. Bakuli la urojo, kwa asiyelijua, ni mchuzi mzito wa manjano wenye uchachu wa embe au ukwaju, ambamo huwekwa viazi, bhajia, kachori, vipande vya mishkaki, yai, na juu yake chipsi nyembamba za muhogo, chatne ya nazi na pilipili. Mzanzibari yeyote atakuambia kwamba urojo wa bara ni wa kuiga, na sitaingilia kesi hiyo. Ninachoweza kusema ni kwamba bakuli moja linawatosha watu wawili kama kianzio, na kwamba mtu akilimaliza peke yake, kuku atakayefuata hatapewa heshima yake.

Anayetafuta utulivu hatapenda eneo hili. Unakula kando ya barabara kubwa, mabasi ya mwendokasi yakipita, honi zikilia, na wauza karanga wakipitisha bidhaa zao kati ya viti. Pombe haiuzwi, jambo ambalo baadhi ya wateja hulihesabu kuwa upungufu na mimi nalihesabu kuwa sababu ya kuona watoto, mabibi na mabwana arusi watarajiwa wakila meza moja bila mtu kuwatupia macho. Wahudumu huenda haraka na hawapambi maneno. Watakuuliza unataka nini, wataondoka, na chakula kitakuja. Anayezoea kuulizwa kila baada ya dakika chache kama anafurahia atajiona amesahauliwa. Mimi huona kwamba mhudumu anayekumbuka agizo la meza nzima bila kuandika, na akalileta bila kukosea, amekwisha kunifurahisha vya kutosha. Siku za mwisho wa wiki viti hujaa mapema, na anayekuja na kundi kubwa afadhali amtangulize mtu mmoja kushika meza.

Chapan Bhog ni nyumba ya tabia tofauti kabisa, ingawa iko umbali wa kutembea. Humo hakuna nyama wala samaki. Watu wengi waliokulia kwenye imani kwamba mlo usio na kitoweo ni mlo wa mgonjwa huingia hapo kwa mashaka, na mara nyingi ni thali inayowaondolea mashaka hayo. Thali ni sinia moja la chuma lenye vibakuli kadhaa: dali (mchuzi wa dengu), mboga za rojo na mboga kavu, mtindi, achari, wali, chapati nyembamba, papadi, na kitu kitamu pembeni. Uzuri wa mlo huu uko katika kushindana kwa ladha. Dali laini hutulizwa na limau, achari huamsha ulimi uliokuwa umeanza kuchoka, mtindi hupoza, na unapofika mwisho wa sinia unagundua kwamba hujala vijiko viwili mfululizo vya ladha ileile. Mpishi wa pilau au wa nyama choma ana kitoweo cha kumbebea kazi. Mpishi wa thali hana pa kujificha, kwa sababu dengu ni dengu, na zikipikwa bila uangalifu kila mtu atajua.

Kwa asiye na njaa ya sinia zima, dhokla ni mahali pazuri pa kuanzia: ni vipande vya unga wa dengu uliochachuliwa na kupikwa kwa mvuke, vyepesi, vyenye punje za haradali na majani ya bizari juu yake. Kachori za Kigujarati, zilizoumuka na kujazwa dengu zenye viungo, huenda vizuri na chai ya maziwa ya alasiri. Dosa nayo, ule mkate mwembamba wa mchele na dengu unaokunjwa na kujazwa viazi, ni lazima iliwe papo hapo, kwa kuwa ukiendelea na mazungumzo kwa muda itakuwa imelainika na kupoteza mlio wake. Mtaa huu pia una wateja Wajaini, ambao dini yao huwakataza vitunguu, viazi na mizizi mingine, kwa hiyo ombi la kuondolewa kiungo fulani halimshangazi mtu. Wenye mizio ya vyakula, ambao kwingine hutazamwa kama wasumbufu, watathamini jambo hilo kuliko wanavyodhani.

Asubuhi ya Kisutu inastahili tathmini yake peke yake. Hapa nitasema tu kwamba maduka ya vitafunwa ya mtaa huo, yanayouza sambusa, kababu, vitumbua na bhajia, hufanya biashara yao kubwa kabla ya adhuhuri, na anayefika alasiri hukuta sinia tupu na muuzaji asiyeona sababu ya kuomba radhi.

Kutoona sababu huko ndiko ninakokusifu. Nimekula, si zamani, katika mgahawa mmoja wa rasi ya Msasani ambao sitautaja, wenye orodha ya vyakula iliyojaa kurasa nyingi: piza, sushi, biriani, nyama za Kilebanoni, tambi, kamba na pweza. Tuliagiza kamba tukaambiwa wamekwisha. Tukaagiza pweza, akaja baada ya muda mrefu akiwa mgumu. Biriani ilikuwa na baridi katikati na moto pembeni, dalili kwamba ilikuwa imetolewa kwenye jokofu na kupashwa kwa haraka. Kisha bili ikaja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ikiwa imeongezwa juu ya bei tulizoziona, jambo ambalo mhudumu angeweza kututajia mapema. Bahari ilikuwa nzuri sana usiku ule. Jiko linaloahidi vyakula vya nchi sita haliwezi kuwa na nyama mbichi ya kila ahadi, na lazima kitu kingoje kwenye barafu. Jiko la Kisutu halina haja ya kungojesha kitu, kwa kuwa linajua kabla ya jioni ni kuku wangapi watakaoliwa.

Isidhaniwe kwamba pwani haina chakula. Coco Beach ina mihogo ya kukaanga na kuchoma, yenye pilipili na kachumbari, inayoliwa ukiwa umesimama mchangani, na ni vigumu kuitafutia dosari. Katika soko la samaki la Feri, Kivukoni, unaweza kumchagua samaki kwa macho yako na kumpeleka kwa wakaangaji waliopo palepale. Mahali hapo pote, kama Kisutu, hapajaribu kufanya kila kitu.

Kuhusu gharama, mtu mmoja anaweza kushiba Mamboz au Chapan Bhog kwa fedha ambazo katika migahawa ya rasi zingeishia kwenye kianzio na glasi ya juisi. Ni vema kuwa na fedha taslimu, ingawa malipo ya simu yameenea karibu kila mahali mjini, na ni haki ya mteja kudai risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kodi, popote anapokula. Kufika si kazi ngumu. Tangu mwendokasi uanze mwaka 2016, Barabara ya Morogoro imekuwa rahisi kwa anayetoka Kimara, Ubungo au Magomeni, na kituo cha Kisutu kiko karibu. Mwenye gari lake atapata tabu zaidi, kwa kuwa mitaa ni myembamba na nafasi za kuegesha jioni hugombaniwa. Bajaji kutoka Upanga au Kariakoo ina akili zaidi. Wageni wawe waangalifu na simu na mikoba wanaporudi usiku, kama ambavyo wangekuwa katikati ya mji wowote mkubwa baada ya maduka kufungwa.

Mwezi wa Ramadhani hubadilisha ratiba za mitaa hii, na ni busara kuulizia kwanza kabla ya kupanga safari ya mbali. Jambo jingine ni la kubeba. Wengi huagiza kuku wa sekela ili wakamle nyumbani, na jiko halitawakatalia. Lakini kuku huyo akifungiwa kwenye boksi na kusafiri hadi Mbezi huwa analowa kwa mvuke wake mwenyewe, kingo zilizoungua hulegea, na ukwaju hufunika viungo vingine vyote. Kama ni lazima kubeba, beba mishkaki na naan, omba chatne ifungwe peke yake, na kuku mle palepale.