TAHADHARI: Muuzaji wa visu vya kale vya kukunja vyenye chapa bandia

Ndugu wakusanyaji, ninaandika haya nikiwa na hasira, na aibu yangu ni kubwa kuliko hasira yenyewe, kwa kuwa wengi wenu mnakumbuka jinsi nilivyomkaripia mwenzetu alipotapeliwa kwa lile sanduku. Sasa zamu imenifikia mimi. Muuzaji simtaji kwa jina hapa, ila waliokwisha kununua kwake watamtambua kwa kile kipande cha ngozi anachofungia visu vyake.

Alikifungua kifurushi polepole, jua likiwa linazama, akatoa kisu cha mabapa mawili chenye mpini wa mfupa. Alilifungua bapa kubwa karibu na sikio langu ili nisikie springi ikilishika kwa mlio mkavu, akalifunga, akalifungua tena. Kisha, kabla sijauliza lolote, akakiri kwamba bapa hilo limenolewa kupita kiasi na wamiliki waliotangulia, ndiyo maana limepungua upana. Hapo ndipo aliponimaliza, kwa sababu mtu anayekutajia kasoro ya bidhaa yake kwa hiari ni vigumu kumdhania uongo. Kwenye shina la bapa, pale linapoingia mpinini, kulikuwa na nyota na msalaba wa Malta, alama ya kiwanda cha visu cha Joseph Rodgers & Sons wa Sheffield, Uingereza, na juu yake taji katikati ya herufi V na R, za Malkia Victoria aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901. Alidai kuwa kisu ni cha miaka ya 1860, akanionyesha na karatasi iliyochakaa yenye mwandiko wa mkono. Simu yake ikaita, akajibu kwa sauti ya chini, "Bado kipo, lakini kuna mtu ameshakishika." Nikalipa pale pale, fedha zote, bila risiti. Kioo changu cha kukuzia kilikuwa mfukoni mwangu muda wote huo.

Msinicheke kabla hamjanisikiliza. Mtu huyu alikwisha kuniuzia visu viwili halali kabisa, na sasa ninaelewa kwamba vilikuwa chambo. Isitoshe, anaijua kazi hii: ndiye aliyewahi kunionyesha vijitundu vidogo vyeusi vinavyoutambulisha mfupa, na mistari iliyopishana inayoonekana kwenye pembe ya ndovu ikikatwa kwa upana. Ningemshukuje mwalimu wangu?

Usiku nilipokuwa nikikifuta kwa mafuta niliona bapa dogo linang'aa kwa namna isiyolingana na lile kubwa. Nikadondosha tone la siki juu ya kila moja. Bapa kubwa likafanya doa jeusi baada ya muda mfupi, kama kifanyavyo chuma cha zamani kinachoshika kutu, ilhali dogo lilibaki vilevile kama kioo. Ni chuma kisichoshika kutu, ambacho mtaalamu wa vyuma Harry Brearley alikitengeneza huko Sheffield mwaka 1913, Malkia akiwa amekwisha kufa miaka 12 kabla. Ndipo nikakitoa kioo cha kukuzia, na nikatamani nisingekitoa: herufi za chapa zimepita juu ya vishimo vya kutu, kingo zake zikiwa kali, yaani kutu ilitangulia na chapa ikaja baadaye.

Mtu wa namna hii hastahili kuonywa tu. Anastahili kushtakiwa, kurudisha fedha za kila aliyemwibia, na kuzuiwa asikanyage tena mahali popote wanapokutana wakusanyaji. Nasema hivyo kwa sababu hakudanganywa na mtu mwingine akaja kutudanganya sisi bila kujua. Ameketi mezani kwake na tindikali au mashine, akaichonga nyota ile kwa mikono yake. Nimempigia simu mara saba. Hapokei.

Kwa wale walio na miadi naye: angalieni kama kutu iko juu ya chapa au chini yake, na linganisheni mabapa yote, si lile kubwa pekee. Bapa dogo la kisu changu lina pia neno ENGLAND, ambalo kwa kawaida visu vya Sheffield vilianza kuwekewa baada ya sheria ya forodha ya Marekani ya 1890 kudai kwamba bidhaa kutoka nje zionyeshe nchi zilikotengenezwa. Nililiona neno hilo siku ile ile na nikalipita. Ribiti, yaani misumari inayoshikilia mpini, nazo zina walakini, lakini sina moyo wa kuzieleza leo. Mkutane naye mchana.

Kisu ninacho bado, pamoja na karatasi yake, nami nitakitoa kama kielelezo kwa yeyote kati yenu atakayekuwa tayari kufungua mashtaka pamoja nami.